Nesi na Altezza: ninunue lini?

1.

Wale mliozoea kusoma hapa mambo ya presha, sukari na lini umwahishe mtoto hospitali, leo mtanisamehe. Leo naongelea gari. Tena siyo gari la kwendea sokoni. Naongelea gari la spoti, la mkononi, lenye umri wa zaidi ya miaka 20, ambalo nimelitaka tangu nipo chuo cha uuguzi, na mpaka leo nina miaka 36 sijalinunua.

Maneno yatakayokuja nayajua, maana nimeshayasikia yote. Inchaji wangu wa wodi alicheka mpaka akakaa chini: "Sista, Altezza? Si gari za vijana hizo?" Mama yangu alisema nunua kiwanja. Kiwanja ninacho na mama anajua, ila kwa mama kiwanja kimoja hakijawahi kutosha. Shemeji yangu akasema subiri watoto wakue. Mdogo wangu yeye anasema, "Dada, chukua mkopo, maisha yenyewe ndiyo haya haya."

Mmeona? Kila mtu ananijibu kama ninunue au nisinunue. Hilo nimeshaamua siku nyingi. Mimi natafuta hela yangu, silewi, sidaiwi na mtu, na nataka gari ninalolipenda. Swali langu ni LINI. Na kwa jinsi ninavyoona, watu wengi wanaharibikiwa hapo hapo kwenye lini. Gari wamechagua zuri, siku wamechagua mbaya.

Uzi ni mrefu. Chukua chai.

2.

Kwanza kwa wasiolijua. Toyota Altezza ilitengenezwa kuanzia 1998 mpaka 2005. Nje ya Japani iliuzwa kwa jina la Lexus IS. Mwaka ule ilipotoka ilichukua tuzo ya gari bora la mwaka kule Japani. Ni gari la milango minne, linasukumwa na matairi ya nyuma, na ukikaa kwenye usukani unakuta dashibodi imetengenezwa kama saa ya mkononi, mishale midogo ndani ya duara kubwa. Hiyo dashibodi ndiyo iliyoniharibu akili. Nilikuwa mwaka wa pili chuo, nikapewa lifti na kaka wa rafiki yangu kutoka Msamvu mpaka mjini. Safari ya dakika kumi. Niliposhuka sikuwa mtu yule yule.

Zipo za aina mbili kubwa, na hapa madalali wanawapiga watu sana. AS200 ina injini ya silinda sita, cc 2,000, nguvu za farasi kama 160. RS200 ina silinda nne, cc hizo hizo 2,000, lakini yenye gia za mkono inafika nguvu za farasi 210, na hizo gia ni sita. Ili mpate picha, Vitz yangu ya cc 1,000 ina farasi kama 70. Mtu anaweza kubandika nembo ya RS200 kwenye AS200 kwa shilingi elfu kumi na tano. Usiangalie nembo. Angalia namba ya chasisi kwenye kadi na kwenye bodi lenyewe: ikianza na SXE10 ni RS200, ikianza na GXE10 ni AS200.

Mimi nataka RS200 ya klachi. Basi, nimeshasema mbele ya watu.

3.

Mwaka 2021 nilikaribia kuinunua. Nataka niwasimulie vizuri kwa sababu hapo ndipo nilipojifunza kitu ninachotaka kuwaambia.

Nilikuwa nimeweka hela miaka mitatu. Laki mbili kwa mwezi, mwezi mwingine laki na nusu, hela za zamu za ziada zote humo humo. Nikafika milioni 8. Dalali mmoja akanipigia: Sista, kuna chuma hapa, namba C, mwenyewe anasafiri, anataka milioni 8 na nusu lakini ukija na cash anakuachia kwa nane. Nikaenda, nikaiona, nikaiwasha, nikatetemeka kama mtoto. Nikatoa shilingi 500,000 ya kishika gari. Tukakubaliana namalizia Ijumaa.

Jumatano saa tisa usiku simu ikalia. Baba kaanguka chooni, upande mmoja haufanyi kazi, maneno hayatoki. Kiharusi. Mimi ni nesi, nilijua kabla dada yangu hajamaliza sentensi.

Baba alikuwa kwenye bima yangu ya afya, kwa hiyo bili ya hospitali haikuwa tatizo kubwa. Lakini jamani, bima hailipi gari la kumtoa kijijini usiku. Hailipi chumba cha kupanga karibu na hospitali ili mama alale. Hailipi chakula cha watu wanne wanaopokezana kitandani, wala nepi za mtu mzima, wala nauli ya mazoezi ya viungo mara tatu kwa wiki kwa miezi mitano. Ile milioni saba na nusu iliyobaki iliisha mwezi wa Novemba. Ile laki tano ya dalali sikuiona tena mpaka leo, na sijaifuatilia.

Sasa fikirieni pamoja na mimi. Baba angeanguka Jumatano ya wiki iliyofuata, ningekuwa na gari zuri sana nje na mfukoni sina hata elfu hamsini. Ningeliuza. Na gari la namna ile ukiliuza kwa haraka, mnunuzi anajua una haraka. Ningekopa. Pengine mazoezi ya baba ningeyakata yawe mara moja kwa wiki, na mimi najua miezi ya kwanza baada ya kiharusi ina thamani gani.

Nilichogundua ni kwamba sikuwa na hela ya gari. Nilikuwa na hela ya dharura niliyoipa jina la gari. Nilikuwa najidanganya kwa jina tu.

4.

Kwa hiyo wengine mtasema, si umeona sasa, achana nayo. Hapana. Subirini.

Kuna dada mmoja alinilea kikazi nilipoajiriwa. Alistaafu akiwa na miaka 60. Maisha yake yote alikuwa anaongelea gari, gari zuri la kukimbia, la kwenda nalo Iringa kwa wazazi wake bila kupanda basi. Kila mwaka kulikuwa na sababu ya kusubiri, na kila sababu ilikuwa ya kweli: ada, nyumba, harusi ya mtoto, ada tena. Alipopata mafao akanunua. Nilienda kumpongeza. Gari lilikuwa limesimama chini ya mwembe na turubai juu. Macho yote mawili yana mtoto wa jicho, na magoti hayapendi klachi. Aliendesha miezi minne mchana tu, akampa mwanawe.

Hakulia wala nini. Alicheka. Alisema, "Mdogo wangu, nilikuwa nasubiri niwe huru, kumbe mwili nao una ratiba yake."

Hapo ndipo ninapotofautiana na wazee wangu wote wenye busara. Kusubiri siyo busara kwa sababu tu ni kusubiri. Kama huwezi kusema unasubiri nini na mpaka lini, basi umeshasema hapana, ila huna ujasiri wa kuitamka. Bora useme hapana kabisa, hela uipeleke kwingine, moyo upumzike.

Na gari lenyewe halikusubiri wewe. Altezza ya mwisho ilitoka kiwandani 2005. Hakuna mpya inayokuja. Kila mwaka zinagongwa, zinakatwa spea, zinawekwa injini isiyo yake. Zaidi ya hapo, Marekani wana sheria kwamba gari la nje likitimiza miaka 25 linaruhusiwa kuingia kwao bila kudaiwa viwango vyao vya usalama, na za 1998 na 1999 zimeshatimiza. Kwa hiyo kwenye mnada wa Japani sasa hivi unashindana na watu wenye dola. Ndugu zangu wa Kenya nyie ndiyo kabisa, gari lililozidi miaka 8 haliingii kwenu, mnagawana zilizopo. Sisi Tanzania tunaruhusiwa, ila TRA wanatoza ushuru wa ziada wa uchakavu, na lililozidi miaka 10 ndilo linalotozwa zaidi. Kikokotoo kipo kwenye tovuti yao, ingia mwenyewe kabla mtu hajakupigia hesabu za mdomoni.

5.

Upande wa pili wa shilingi, mimi nimefanya kazi chumba cha dharura. Hospitali yetu iko karibu na barabara kuu. Sitasimulia mgonjwa wa mtu hapa, mnanijua. Nasema tu nilichokiona kikijirudia kwa macho yangu mwenyewe, siyo takwimu.

Walioletwa kutoka kwenye magari ya aina hii, mara nyingi gari lilikuwa jipya kwao. Wiki ya kwanza, mwezi wa kwanza. Usiku au alfajiri. Mara nyingi mvua. Na wenzao waliokuja nyuma wakikueleza, matairi yalikuwa vipara au ya zamani.

Gari linalosukumwa na matairi ya nyuma lina tabia yake. Ukikanyaga mafuta kwenye kona yenye maji, mkia unatoka. Ukitishika ukaachia ghafla, unatoka zaidi. Mtu aliyetoka kwenye Vitz au IST, ambayo inavutwa na matairi ya mbele, hajawahi kuiona tabia hiyo. Hajui. Siyo mjinga, hajui tu.

Halafu kuna jambo letu sisi wa zamu. Watafiti walishapima, mtu aliyekaa macho saa 17 anaendesha kama mtu aliyekunywa pombe. Mimi zamu ya usiku naingia nikiwa nimeshaamka tangu asubuhi, maana watoto hawajui mama ana zamu. Nikitoka saa mbili asubuhi nimeshapita saa 24. Mwaka juzi nilisinzia na Vitz, pale karibu na Nane Nane. Nilishtuliwa na honi ya lori. Nilikuwa spidi 40. Nilisimama pembeni nikakaa nusu saa, miguu haina nguvu.

Nilijiuliza pale pale: ingekuwa ile nyingine? Jibu lake lilikuwa wazi. Mwaka juzi hata ningekuwa na milioni 30, haukuwa wakati wangu. Mwaka huu mwezi wa tano nimehamishiwa kliniki ya magonjwa sugu, naingia saa moja na nusu asubuhi, natoka saa tisa na nusu mchana, usiku nalala kama binadamu. Hicho kimebadilisha "lini" yangu kuliko mshahara.

Kwa hiyo wewe unayenisoma, usijiulize hela tu. Jiulize siku zako zikoje. Unaendesha saa ngapi, ukiwa na usingizi kiasi gani, na nani anakaa kiti cha nyuma.

6.

Sasa hesabu. Naweka zangu wazi, kila mtu atafute zake.

Nimegawa mafungu matatu, kwenye akaunti tofauti, kwa sababu hela ikikaa pamoja inasemezana.

Fungu la kwanza ni bei ya gari. Milioni 9 na nusu. RS200 niliyoiona inaeleweka hapa nchini inacheza hapo, iliyochakaa inashuka, iliyotunzwa sana inapanda.

Fungu la pili ni mwaka wa kwanza wa gari. Milioni 3. Ukinunua gari la miaka 20 na kitu unanunua na madeni ambayo mwenye nalo hakuyalipa. Mkanda wa taimingi, na pampu ya maji ukiwa umeshafungua. Oili zote: injini, gia, difu ya nyuma. Mafuta ya breki, maana yananyonya unyevu hewani na hakuna anayeyabadilisha. Bushi, bolijointi, shokapu. Matairi manne. Haya siyo mambo ya "likiharibika". Haya yanafanyika wiki ya kwanza hata kama muuzaji kaapa kwa misahafu yote miwili. Kuhamisha umiliki na bima nako humo humo. Bima ndogo ni lazima, bima kubwa waulize mapema, maana kampuni nyingine hazitaki gari lenye umri huo.

Fungu la tatu ni dharura ya nyumbani. Matumizi ya miezi minne. Hili halihusiani na gari kabisa, na ndiyo maana ni la kwanza kujazwa. Hili ndilo fungu la baba.

Watu wanaogopa mafuta. Nikawapigia hesabu. Nyumbani mpaka kazini ni kilomita 9, kwenda na kurudi 18, siku 22 ni kama kilomita 396 kwa mwezi. Vitz ikila lita moja kwa kilomita 15, na lita tuiweke shilingi 3,000 kwa urahisi, ni kama 79,000. Altezza ikila lita kwa kilomita 8 na nusu ni kama 140,000. Tofauti ni elfu sitini na kidogo. Inauma, lakini haikuui. Kinachoua ni milioni moja na nusu inayodaiwa siku moja, tarehe 19, mshahara uko mbali.

Na mkopo? Mdogo wangu, nakupenda, lakini hapana. Mtumishi wa umma sheria inamlinda abaki na theluthi moja ya mshahara. Theluthi hiyo ni ya kula. Sasa ukikopa ya gari, ya kubadilisha mkanda unatoa wapi? Kuna mwenzetu alichukua Subaru kwa mkopo wa miaka mitano. Mwaka wa pili injini ikafa. Gari liko juu ya mawe gereji, makato yanaendelea kila mwezi kama dripu. Kukopa kununua kitu kinachoweza kusimama kabla deni halijaisha, hapo mimi siwezi kukushauri kwa roho safi.

Kipimo changu basi ni hiki: nunua siku ambayo gari likifa mwezi wa kwanza, nyumbani hakuna anayeona tofauti kwenye sahani. Ukiona unaweza kusema hivyo bila kujidanganya, na siku zako zinaruhusu, usimwombe mtu ruhusa. Nunua.

7.

Nikaulizwa na rafiki yangu mmoja, sawa, lini hasa kwenye mwaka? Hili nalo lina majibu.

Mwezi: mimi nasubiri Januari. Januari ina ada, ina kodi ya nyumba, na watu wametoka kula sikukuu. Wanaouza ni wengi, wenye hela ni wachache. Desemba ni kinyume, kila mtu anataka kwenda kwao na gari.

Siku: siku ya mvua, ukibahatika. Utaona maji yanaingia wapi, utasikia mipira ya milango, utajua kama matairi yanashika. Na tairi usiangalie vijiti tu. Ubavuni kuna tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 3216 maana yake wiki ya 32 ya mwaka 2016. Tairi hilo hata likionekana jipya, ni mzee aliyepaka nywele rangi.

Saa: asubuhi mapema, injini ikiwa baridi. Hili nawaomba mlishike. Mwambie muuzaji asiliwashe mpaka ufike. Ukifika, weka mkono kwenye boneti. Injini ikiwa baridi ndiyo inasema ukweli: inagonga au haigongi, inatoa moshi wa rangi gani, inasumbua kuwaka au la. Gari lililopashwa moto kabla hujafika ni sawa na mgonjwa aliyemeza panadoli mlangoni halafu anaingia kupimwa homa. Kipimo utapata, lakini hakitakuambia kitu.

Na kabla hata ya kwenda: omba namba ya gari uangalie faini za trafiki kwenye mfumo wa polisi, na deni la maegesho. Gari la mbio linapenda kupigwa tochi, na faini ni elfu thelathini thelathini, zinajaa. Jina kwenye kadi liwe la anayekuuzia. Kama ni la mtu mwingine, huyo mtu mwingine aje.

8.

Sasa Jumamosi ya jana.

Mafungu yangu matatu yamejaa tangu Oktoba. Nikasema si lazima nisubiri Januari kama kitu kizuri kimejileta. Ikaja ya mwaka 2001, namba D, chasisi SXE10, nyeusi, milioni 9. Nikaenda na fundi wangu, mzee mmoja mpole ambaye haongei sana. Nilimwambia dalali usiku, tafadhali msiliwashe, nafika saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Nikafika. Nikaweka mkono kwenye boneti. Moto.

"Nimeliwasha kidogo tu, Sista, lisije likakusumbua na baridi."

Baridi gani Morogoro mwezi wa kumi na mbili?

Fundi akanitazama, hakusema neno. Nikawaambia sawa, nitarudi kesho saa ile ile, funguo naomba ikae kwa mwenye gari. Dalali akaanza: kuna mtu anakuja saa nne na hela taslimu, kuna mwingine Dodoma ameshatuma nauli. Ilikuwa sauti ile ile ya 2021. Mwili wangu uliikumbuka kabla ya kichwa. Mikono ikaanza kutoka jasho.

Lakini safari hii kulikuwa na tofauti. Sikuogopa kulikosa. Nilimwambia, "Kaka, akija wa saa nne muuzie, ni riziki yake." Nikapanda Vitz yangu tukaondoka.

Leo asubuhi nimerudi. Wa saa nne hakuja, gari liko pale pale, na safari hii lilikuwa baridi kama jokofu. Fundi akawasha. Moshi wa bluu, mzito, kama dakika nzima. Ile ni oili inaungua. Fundi akazima, akafuta mikono, akasema maneno sita: "Sista, hii tunanunua injini. Bodi bure."

Nikamshukuru mwenye gari, nikarudi nyumbani, nikapika chapati.

9.

Jioni hii nimempitia baba. Anatembea na fimbo sasa, maneno yanatoka polepole lakini yanatoka. Alikuwa dereva wa malori miaka 28, njia ya Tunduma. Nikamweleza yote. Akauliza, "Ile hela nyingine ipo?" Nikamwambia ipo, baba. Siyo hela ya gari aliyokuwa anaulizia. Alikuwa anaulizia fungu la tatu. Akatikisa kichwa, akasema, "Basi tafuta. Lakini usinunue ya moshi."

Kwa hiyo nimejiwekea tarehe, na ninaiandika hapa ili mnishike: mpaka tarehe 31 Machi. Nikipata iliyo sawa kabla ya hapo, nanunua, na wiki mbili za kwanza nitaendesha mchana tu, barabara kavu, na fundi pembeni mpaka nijue mkia wake. Nisipopata, hela ya fungu la kwanza naongeza chumba kule kiwanjani, mama afurahi, na hadithi ya Altezza naifunga kwa amani mpaka itakapojileta yenyewe.

Sitaki kuwa na miaka 60 na turubai chini ya mwembe. Na sitaki simu ya saa tisa usiku inikute sina kitu. Katikati ya hayo mawili kuna muda, siyo mrefu sana, na kila mtu wa kwake unaanzia tofauti. Kazi yetu ni kuutambua ukifika.

Wenye RS200 ya klachi, baridi asubuhi, kadi ya jina lako, nitafute. Madalali wa "kuna mtu anakuja saa nne", msijisumbue.

Wiki ijayo tunarudi kwenye presha. Na wewe uliyeacha dawa kwa sababu unajisikia vizuri, nakuona. Kameze.